Kinachong'aa juu ya jicho

Jioni hii nimekusudia kuzungumzia rangi ya kope, ile poda ya rangi ambayo akina dada hupaka juu ya macho wanapokwenda harusini, sendofu, ubatizo, na siku hizi hata sokoni. Akina baba msizime redio. Fedha ya saluni mara nyingi hutoka mifukoni mwenu, na ya dawa ya macho pia.

Nianze na yaliyonipata mwenyewe. Miaka michache iliyopita binti wa dada yangu aliagwa kwa sherehe hapa Kalangalala, katikati ya mji wetu wa Geita. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja wa ukoo, tumeketi kwenye mabenchi ya saluni moja tangu saa nne asubuhi, tunapambwa kwa zamu. Msichana aliyetupamba alikuwa hodari wa mkono, kwa kazi yake sitamsema vibaya. Lakini alikuwa na brashi moja ya kope na sponji moja, na kila alipommaliza mmoja wetu aliipangusa brashi kwenye khanga aliyojifunga kiunoni, kisha akaita, "Mama mdogo, njoo wewe." Mimi nilikuwa wa nne. Wa tatu alikuwa wifi yangu, ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa likitoa machozi tangu siku iliyotangulia, na sote tulikubaliana kwamba ni vumbi la barabarani.

Picha zilitoka nzuri mno. Siku ya tatu niliamka kope zimegandamana kwa tongotongo, nikazifungua kwa maji ya vuguvugu. Wiki ilipokwisha tulikuwa saba, bibi harusi akiwa mmoja wetu, na Jumamosi ya ndoa aliingia kanisani amevaa miwani myeusi. Wageni wa upande wa mume walidhani ni mtindo wa mjini.

Tabibu aliyenitazama hakuuliza nimekula nini wala nimegombana na nani. Aliuliza, "Mama, mlitumia brashi ya nani?"

Kope ni ngozi nyembamba kuliko zote mwilini, haifiki hata unene wa milimita 1, na pembeni yake pana utando wenye unyevu ambao vijidudu huupenda kama nzi apendavyo embe bovu. (Kiswahili chetu hapa kina ubahili kidogo: kope ni ngozi ifunikayo jicho, na kope hizohizo ni nywele zake. Leo nikisema kope nakusudia ngozi.) Mwanzoni mwa mwaka 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa macho mekundu uliowakumba watu wengi Dar es Salaam na mikoa mingine, na ushauri uliorudiwa kila siku ulikuwa uleule: nawa mikono, usijiguse macho, usishirikiane taulo. Ugonjwa wa vikope nao, ambao kitaalamu huitwa trakoma na ambao umepofusha watu wengi Tanzania, husafiri kwa vidole, vitambaa na nzi. Huko Kongwa, mkoani Dodoma, watafiti walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kuwanawisha watoto nyuso, pamoja na kuwapa dawa, kunapunguza trakoma kali. Sasa brashi ya saluni ni nini, kama si kitambaa chenye mpini?

Hayo ni ya brashi. Tuifungue na poda yenyewe tuone ina nini ndani. Sisi watu wa Geita tungepaswa kuielewa upesi kuliko wenzetu wa mikoa mingine, kwa sababu rangi ya kope ni mawe yaliyosagwa. Nyekundu yake, kahawia yake, njano yake na nyeusi yake aghalabu ni oksidi za chuma, yaani ndugu wa kutu, rangi ileile inayofanya udongo wetu uchafue soksi za wanafunzi. Weupe hutokana na madini ya titani. Ulaini unatokana na talki. Na kule kung'aa, ambako ndiko kunakowauzia watu, kunatokana na ulanga.

Ulanga ni lile jiwe linalobanduka tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu, kila ukurasa ukimetameta. Wajerumani walilichimba katika milima ya Uluguru walipoitawala nchi hii. Kiwandani vipande vyake husagwa, hupakwa utando mwembamba wa titani au oksidi ya chuma, na unene wa utando huo ndio unaoamua kama mng'ao utaonekana wa fedha, wa shaba au wa dhahabu. Kwa hiyo dada anayepaka rangi ya dhahabu hana dhahabu hata chembe. Ana ulanga uliovishwa kutu.

Mchimbaji wetu mdogo anaujua ulanga vizuri, kwa maana ulimdanganya siku ya kwanza. Kijana mgeni akiinamia karai pale mwaloni huona vumbi linametameta, akapiga kelele. Mzee wa duara humwambia atulie, alitikise karai na kulitega kidogo. Ulanga huelea ukaondoka na maji. Dhahabu hubaki chini, nzito, haina haraka. Likibaki jiwe la manjano linalotiliwa shaka, hupigwa nyundo: dhahabu hutandazika, jiwe la uongo husambaratika. Hakuna mchimbaji anayekiamini kinachong'aa kabla ya kukijaribu. Lakini mtu huyohuyo akimpa mkewe elfu tano, mama yule huenda kwenye meza ya barabarani akanunua paleti ya rangi thelathini zinazong'aa bila hata kuigeuza kutazama mgongoni pameandikwa nini.

Kwamba mgongo wa kopo una maana, tuchukue mfano wa Marekani, nchi yenye wakaguzi na maabara kila upande. Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya huko iliwatahadharisha wananchi kuhusu vipodozi vilivyouzwa kwa wasichana wadogo, rangi ya kope ikiwemo, baada ya asbesto kuonekana ndani yake. Hakuna aliyeitia kwa makusudi. Talki na asbesto huweza kuumbika katika mwamba mmoja, na asiyechagua mwamba wake kwa uangalifu huvichimba pamoja na kuvisaga pamoja. Wachimbaji mnanielewa.

Lakini jambo linaloihusu zaidi kanda yetu ya Ziwa ni zebaki. Kila mtu hapa anadhani anaijua: ni ile fedha ya majimaji inayokamata dhahabu kwenye beseni, kisha huchomwa ikapaa moshi. Kijiji cha Rwamgasa, hapa Geita, kilichunguzwa miaka ya 2000 katika mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza zebaki kwenye uchimbaji mdogo. Tukisikia zebaki, basi, mawazo yetu hukimbilia machimboni. Daktari Masazumi Harada wa Japani, ambaye alitumia maisha yake kuwashughulikia wagonjwa wa zebaki wa Minamata, alikuja na wenzake kuzunguka Ziwa Victoria wakipima nywele za wachimbaji, za wavuvi na familia zao, na za wakazi wa jiji la Mwanza. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1999. Wachimbaji kadhaa walikuwa na zebaki nyingi, jambo ambalo halikumshangaza mtu. La kushangaza ni kwamba walikuwepo wenye zebaki nyingi sana ambao hawakuwahi kushika karai, na wachunguzi walipotafuta chanzo hawakukipata kwenye samaki. Walikipata kwenye sabuni ya kuoga, ile ya kung'arisha ngozi.

Najua yupo atakayesema sabuni si rangi ya kope. Ni kweli. Ila hukaa meza moja, huuzwa na mtu mmoja, na mara nyingi husafiri katika begi moja. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni, lakini uliacha mlango mmoja wazi. Mlango huo ulikuwa ni vipodozi vya macho, pale zebaki inapotiwa ili visioze na ikawa hakuna kihifadhi mbadala kilicho salama. Yaani pahali penye ngozi nyembamba kuliko zote ndipo palipoachiwa ruhusa! Mlango huo ulifungwa na mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Geneva mwaka 2023, ulioweka mwaka 2025 kuwa kikomo. Vyema. Ila kopo lililotengenezwa kabla ya hapo halijui kwamba sheria imebadilika, nalo linaweza kukaa mezani miaka mingi likisubiri mteja.

Basi mteja afanyeje? Alitikise karai. Ageuze kopo mgongo. Ikiwa hapana jina la mtengenezaji, hapana orodha ya vitu vilivyomo, hapana tarehe ya mwisho wa matumizi, arudishe mezani, hata kama muuzaji anamwita "dada yangu mpenzi". Akiona kwenye orodha neno mercury, au calomel, au herufi Hg, hiyo ni zebaki kwa majina yake ya ugenini. Tangu mwaka 2019 usajili wa vipodozi nchini umehamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na ndiko kwa kuuliza au kupeleka malalamiko. Akipenda kung'aa sana, ajihadhari asiuziwe pambo la kadi za Krismasi: lile ni plastiki iliyokatwa, ina ncha, na likiingia jichoni hukwaruza kioo cha jicho. Akifika nyumbani apake kidogo upande wa ndani wa mkono, asubiri mpaka kesho yake. Ngozi ya mkono ikivimba, ya kope isijaribiwe.

Na ninyi akina mama mnaosaidia kuosha mchanga wa karasha na kushika zebaki, neno langu kwenu ni la pekee. Msipake rangi kwa kidole. Msiweke paleti wala brashi katika chumba inamochomwa dhahabu, kwa maana moshi ule hutua juu ya kila kitu kilichomo. Mwenye nyumba anayechomea jikoni huyo nitamzungumzia siku nyingine, na kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa namna ya kupaka, kwa kuwa sikuja kuwakataza kupendeza. Mimi mwenyewe napaka.

Kwanza mikono ioshwe kwa sabuni, na uso nao. Kope ipanguswe ikauke, kwa sababu adui wa kwanza wa rangi katika joto letu ni mafuta ya ngozi. Rangi ikilalia mafuta, baada ya saa mbili hujikusanya kwenye mkunjo ikafanya mstari kama mpasuko wa ukuta. Poda kidogo ya uso, nyembamba mno, ikitangulia juu ya kope, hunywa mafuta hayo na kuishika rangi.

Brashi ichovywe kidogo, kisha igongwe ukingoni ili ziada ianguke kwenye kopo na isiangukie mashavuni. Wapambaji stadi hupaka macho kabla ya poda ya uso, hivyo kinachodondoka hupanguswa bila kuharibu kitu. Rangi nyepesi hutangulia kope yote. Ya katikati hufuata kwenye bonde, pale jicho linapoingia ndani. Iliyokoza hukaa pembe ya nje tu, na haivuki mwisho wa nyusi. Mpaka wa rangi na rangi usuguliwe kwa brashi tupu, taratibu, mwendo wa kwenda na kurudi, hadi mtu asijue moja imeishia wapi. Hapo ndipo wengi hukosa subira. Ni kazi ya dakika tatu, nao huifanya kwa sekunde kumi, halafu hulaumu rangi. Tabaka mbili nyembamba hukaa kuliko moja nene. Na rangi isifikishwe kwenye ukingo wa ndani wa kope, pale penye unyevu. Pale ni mlango wa jicho.

Anayetaka mng'ao ukolee huilowesha brashi. Nimeona kwa macho yangu mawili brashi ikiloweshwa kwa mate, na si mate ya anayepambwa. Maji safi, ndugu zangu. Tone moja latosha.

Kuhusu rangi ipi imfae nani, mimi ni mshabiki wa shaba, kahawia iliyokoza, zambarau na dhahabu kwa ngozi zetu. Zile buluu na waridi hafifu zilizojaa kwenye paleti nyingi huchanganywa na weupe mwingi wa titani, na juu ya ngozi nyeusi weupe huo hugeuka majivu. Mtu huonekana kama aliyetoka kupepeta unga. Akizipenda hata hivyo, atangulize kahawia chini yake, majivu yatapungua. Wazee wenzangu tuliokwisha kupata mikunjo tuache mng'ao mwingi kwenye mikunjo hiyo, maana ulanga huihesabu mmoja mmoja.

Kutoa rangi ni sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Mtu anatoka harusini saa nane usiku, anajitupa kitandani, na usiku kucha ile poda inasagika katikati ya kope na jicho. Pamba itiwe mafuta kidogo, hata ya nazi, iwekwe juu ya kope iliyofumbwa mtu ahesabu hadi ishirini, kisha ivutwe taratibu kuelekea chini. Asisugue. Baada yake maji na sabuni laini. Pamba ya jicho hili isihamie jicho lile.

Brashi ioshwe kila juma kwa sabuni na maji ya vuguvugu, ikamuliwe, ilazwe ikauke pahali penye hewa. Usiisimamishe nywele juu ikiwa mbichi: maji huteremka kwenye shingo ya brashi, gundi ikaachia na uvundo ukaanza. Paleti isikae dirishani kwenye jua wala bafuni kwenye mvuke. Poda kavu ikitunzwa hukaa mwaka mmoja hadi miwili baada ya kufunguliwa. Ya maji au ya krimu haifiki huko. Makopo mengi yana picha ya kikopo kilichofunguka kifuniko, ndani yake 12M au 24M. Hiyo ni miezi tangu ulipoifungua, kwa hiyo andika tarehe kwa kalamu chini ya kopo. Na aliyeugua macho aitupe ile aliyoitumia akiugua. Najua inauma. Mimi niliitupa yangu ya elfu kumi na nane nikiitazama kama anayezika.

Jambo moja kabla sijaondoka, nalo ni wanja wa watoto. Wanja wa manga wa zamani, uliovuka bahari kutoka Uarabuni, mara nyingi ulikuwa jiwe la risasi lililosagwa, na wanja wa namna hiyo ungali ukiuzwa duniani. Mama mzima hupata madhara, lakini mtoto mchanga hupata zaidi, kwa sababu ubongo wake ungali unajengwa na mikono yake hutoka machoni kwenda kinywani. Watu wa machimbo tunayo habari ya risasi: huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, mamia ya watoto walikufa baada ya wazazi wao kusaga majumbani mawe ya dhahabu yaliyokuwa na risasi nyingi. Kichanga hahitaji nyusi za wanja. Atazamwe alivyo.

Mwezi uliopita tulikuwa na sendofu nyingine, ya mdogo wake yule wa miwani myeusi. Nilitangulia saluni na bahasha kumi na nne, kila moja ina brashi ndogo na vipande vya pamba, na jina la mwenyewe limeandikwa juu. Wifi yangu alicheka akasema nimekuwa karani wa uchaguzi. Msichana wa kupamba hakucheka. Alizigeuzageuza bahasha zile, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, brashi hizi ukinunua nyingi wanakupunguzia bei?" Nikamwambia kwa dazeni wanapunguza. Akaniomba nimpeleke kwenye duka hilo Jumatatu.